Hatua Nilizokuibia

Mwaka wa kwanza nilisimama hatua kumi na nane
nyuma ya vijiti, pale Lugogo, upande wa barabara ya Jinja,
na mpira wako bado ulinifikia ukiwa unapanda.
Nilizihesabu. Mlinda wiketi asiyejua umbali wake
ni askari aliyelala na ufunguo mdomoni.

Tulitoka kilima kimoja, Etyang, kambi ya polisi Naguru,
vibanda vya bati vya duara vinavyochemka saa saba,
ambako Kiswahili kilikuwa cha baba zetu na cha gwaride
na mama zetu walitugombeza kwa lugha nne.
Tulitupa mpira wa tenisi uliofungwa utepe
ukutani kwa ghala la silaha, puu, puu,
hadi sajini akatoka na mkanda.
Sisi tulitawanyika. Wewe ulikuwa unarudi kinyumenyume,
ukihesabu, ukitafuta pa kuanzia.

Kisha jezi, na ndege mwenye taji kifuani.
Windhoek: wiketi tano, baridi ikitupasua midomo.
Kathmandu: umati hadi juu ya miti,
ukarusha noboli nne katika ova moja,
usiku ule ukalala na viatu.
Wiketi huandikwa. Hakuna daftari
la kidole changu cha nne, kilichopinda Dar es Salaam
na hadi leo kinatazama upande wake,
kama jirani aliyenuna.

Posho ilichelewa, mgongo haukuchelewa.
Daktari wa Mengo aliinua picha kwenye mwanga:
ufa mwembamba mfupani, ule ufa wa kikombe
ambacho bado kinashika chai.
Miezi tisa. Ukarudi, na kila mtu akasema
ni yule yule.
Nami nikasogea mbele hatua moja.

Sikukuambia. Nilisubiri ugeuke,
uende zako kwenye alama yako,
kizibo cha soda ulichokipigilia nyasini,
ukiusugua mpira pajani hadi suruali ikawa nyekundu.
Hapo ndipo niliposogea.
Kumi na saba. Msimu uliofuata kumi na sita.
Kumi na nne, mwaka wa mvua nyingi.
Wenzetu wa slipu walisogea nami bila neno,
kama waombolezaji wanaojipanga
kabla jeneza halijafika.

Magazeti yalikuita radi.
Nilikuwa kumi na moja.

Sasa siku ile, dhidi ya Wakenya, ova ya nane,
uligeuka mapema. Sijui kwa nini.
Labda kongoti alitua kwenye paa la jukwaa,
labda goti lilikuita jina.
Uligeuka, ukanikuta na mguu mmoja hewani.

Watu walikuwa wanapiga makofi.
Ningeweza kuurudisha nyuma, nikajifanya nakung'uta matope.
Nikautua. Mbele.

Hukusema kitu. Uliinama, ukaking'oa kizibo,
ukaja nacho karibu, hatua nne, tano,
ukakiweka chini taratibu kama mtu anayetua mtoto aliyelala.
Mwendo mfupi. Mkono ule ule wa juu.
Lakini mpira ulitoka kwenye vidole kama unaulizwa,
mpira wa polepole, wa kwanza katika maisha yako,
na mpigaji alikwisha maliza kupiga
kabla haujafika.
Kijiti cha kati kikalegea. Kibao kimoja kikaanguka,
kingine kikafikiri kwanza.

Jioni kwenye ngazi, barafu imefungwa gotini,
ulinipa kizibo. Mirinda, rangi imepauka.
"Tangu lini?"
"Tangu Mengo."
Ulitazama uwanja, vijana wakikunja wavu.
Ukaushika mkono wangu, ukakitafuta kile kidole,
ukakivuta, kama kinaweza kunyooka.
Kiliuma.
Nikakuacha uvute.